Kichupa Kilichojaa Nusu

Nyinyi watoto wa maabara, mnaobonyeza kitufe halafu mnaenda kunywa chai mashine ikihesabu yenyewe, hamjambo? Mliniomba nije siku ya sherehe yenu niwape maneno mawili ya hekima. Sikuja, kwa sababu magoti yangu hayaelewani na barabara ya Mbooni. Nimeandika badala yake. Hekima hamtaikuta hapa hata mkiitafuta kwa hadubini. Mtakuta makosa. Ninayo mengi, na moja nimelificha kwa muda mrefu kuliko umri wa yeyote kati yenu.

Naitwa Mwikali. Nilianza kazi ya damu miaka ya sitini pale Kitui, nikiwa msichana mwembamba, nikastaafu miaka ya tisini huku Makueni nikiwa vile mnavyonijua. Miaka hiyo yote wagonjwa waliniita daktari, madaktari waliniita "wewe wa maabara", na mume wangu, Mungu amrehemu, aliniita mbu.

Aliyenifundisha ni Mzee Nzioka, mwanamume mfupi mwenye hasira ndefu. Wakati huo sukari tuliipima kwa mkojo. Unachemsha mkojo na dawa ya buluu juu ya moto wa spiriti, unatazama rangi. Ukibaki buluu, mshukuru Mungu. Ukiwa kijani, mwonye mgonjwa. Ukiwa rangi ya matofali, tafuta jamaa zake. Nilipomwambia Mzee Nzioka kwamba susu yangu, mama mzaa mama, alipima kwa sisimizi, kwamba alitazama tu kama wamekusanyika pale mtu alipokojoa, nilidhani atacheka. Akaniuliza, "Sisimizi wa susu yako waliwahi kukosea?" Nikasema hapana. "Basi wewe umewashinda. Juzi ulikosea mara mbili."

Alikuwa anasema kweli. Kosa kubwa lilihusu kibao cha vichupa. Mnavijua vibao hivyo, vyenye matundu ya kusimamishia vichupa vya damu kwa mstari. Siku moja nilikaa upande wa pili wa meza ili nipate mwanga wa dirisha, nikaandika namba kuanzia upande usiofaa. Cha mwisho kikawa cha kwanza. Bwana mmoja mzima kabisa akalazwa wiki nzima akilalamika kwamba anajisikia vizuri, na mgonjwa halisi akarudishwa nyumbani kuchunga ng'ombe. Ilipogunduliwa, nilikuwa tayari nimelowesha leso kwa machozi na nimeshika kitambaa cha spiriti, nataka kufuta zile namba.

Mzee Nzioka akaninyang'anya kitambaa. "Kosa la mkono liandike kwa wino," akasema. "Ukilifuta haliendi popote. Linahamia kwa mgonjwa." Kisha akaenda dukani, mzee mzima na mvi zake, akanunua rangi nyekundu ya kucha, akapaka tundu la kwanza la kibao ili hata mjinga ajue pa kuanzia. Mjinga nilikuwa mimi. Kwa miaka mingi sikukosea tena, nikaanza kudhani ni kwa akili zangu, kumbe ni kwa ile rangi.

Sasa turukeni hadi miaka ya themanini. Nilikuwa nimehamia hospitali ya misheni huku milimani Mbooni, mkubwa wa maabara yenye watu wawili, mimi nikiwa mmoja wao. Akaja daktari mgeni, mrefu, mpole, mwenye Kiswahili safi cha vitabuni mpaka wagonjwa walikuwa wakimwomba arudie kwa Kiswahili. Jina lake halina kazi hapa. Sisi tulimwita Daktari wa Kapsuli.

Alikuja na ndoto moja. Alitaka watu wa ugonjwa wa sukari waache kujidunga insulini, waimeze.

Kama hamjui ugumu wake, ngoja niwaeleze alivyotueleza. Insulini ni jamaa ya nyama na yai. Ukiimeza, tumbo halijui kwamba hiyo ni dawa, linaona kitoweo. Linaimeng'enya kama linavyomeng'enya maini. Kuipitisha mdomoni mpaka ifike kwenye damu ikiwa nzima ni kama kupeleka nyama choma kwa mama mkwe ukipitia katikati ya mbwa wa soko la Salama. Kwa hivyo Daktari aliifungia ndani ya kapsuli yenye ganda gumu, lisiloyeyuka tumboni, linalofunguka mbele zaidi kwenye utumbo. Ndani aliichanganya na kitu cha kuisaidia kupenya. Kazi yangu ilikuwa kutoa damu kila nusu saa, nione kama kuna chochote kilichofika.

Tulipata wagonjwa sita. Siku ya majaribio ya mwanzo tukawapa kila mmoja kapsuli yake na maelezo. Mmoja wao, mzee wa Makindu aliyestaafu reli, alinirudishia ganda tupu.

"Hii karatasi yake nimekuletea," akasema.

"Karatasi gani, mzee?"

"Hii plastiki. Plastiki haiyeyuki, mama. Itaziba utumbo. Nimeifungua nikamwaga dawa kwa uji."

Daktari alishika kichwa. Ujuzi wote wa kazi hiyo, miaka ya kusoma ng'ambo, ulikuwa kwenye hilo ganda ambalo mzee alikuwa amenihifadhia mfukoni kwa heshima. Na uji wenyewe hakutakiwa kunywa. Tangu hapo niliwamezesha mbele yangu kama watoto, fungua mdomo, inua ulimi, haya meza. Mkifanya utafiti, msiwaulize watu kama wameelewa. Watasema ndiyo kwa adabu.

Damu zenyewe tulipima sukari hapa hapa. Insulini ilipimwa Nairobi, kwa hivyo nilifungasha vichupa kwenye sanduku la barafu nikampa kondakta wa basi. Mara ya kwanza Nairobi walituma ujumbe kwamba sampuli zimefika salama, pamoja na kilo mbili za maini ya mbuzi. Kondakta alikuwa amenunua nyama Salama, akaona barafu inakaa bure. Tangu hapo nikawa naandika juu ya sanduku, DAMU YA WATU, na bado mara moja Nairobi walipata utumbo.

Sasa niwaambie habari za Syombua.

Syombua alikuwa fundi wa nguo pale Kikima. Koti langu jeupe yeye ndiye aliyelishona, na lilinikaa vizuri kuliko nguo ya harusi yangu. Ugonjwa wa sukari ulimpata akiwa msichana, ule mbaya ambao mwili hautengenezi insulini hata tone. Mtu wa namna hiyo akikosa sindano siku chache, anakufa. Hilo alilijua na sisi tulilijua. Alijidunga mara mbili kila siku, bomba la glasi akilichemsha kwenye sufuria ndogo, na chupa ya insulini akiiweka ndani ya mtungi wa maji kwenye kona ya nyumba, maana friji hakuwa nayo. Ajabu ni kwamba mtu huyo aliyeshika sindano kutwa kucha aliichukia sindano kama kifo.

"Mapaja yangu yamekuwa kama kitambaa cha mwanafunzi wa kushona," aliniambia. "Mwikali, hii kapsuli ikifanya kazi, nitakushonea koti lingine bure."

Nilimpenda, na nilitaka apone. Nisameheni kwa hilo, maana ndilo lililoniharibu macho.

Siku ya kipimo chenyewe wagonjwa walitakiwa kuja asubuhi na tumbo tupu, bila kujidunga alfajiri. Wanameza kapsuli, mimi natoa damu mara sita, saa sita mchana tunawadunga na kuwalisha muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa. Ya kwanza inatolewa kabla ya kumeza. Mshipa wa Syombua ulijificha, nikapata nusu ya kichupa tu. Nikaandika kwenye daftari langu la siku: *Syombua, cha kwanza nusu.* Vile vingine vitano vilijaa vizuri. Nikavizungusha kwenye mashine, nikavisimamisha kwenye kibao, nikaandika namba kwa penseli ya nta.

Kibao kilikuwa kipya. Daktari alikileta, cha chuma, kinang'aa. Kile chenye rangi ya kucha nilikiacha Kitui. Ningeweza kununua rangi nyingine, Kikima walikuwa wanauza, lakini mkubwa wa maabara anapakaje kibao rangi ya kucha mbele ya Daktari wa ng'ambo? Niliona haya.

Alasiri nikapima sukari. Wagonjwa watano walianza juu wakabaki juu, maana yake kapsuli haikufanya lolote. Syombua ndiye aliyekuwa tofauti. Kichupa namba moja kilikuwa na sukari ya chini, karibu ya mtu asiye na ugonjwa. Halafu ikapanda polepole hadi namba sita.

Nilikaa nikazitazama zile namba. Mgonjwa kama yeye, ambaye hajajidunga tangu jana, hawezi kuanza chini. Haiwezekani. Moyo ukanipasuka, kwa sababu nilijua ugonjwa wangu mwenyewe. Nikasema, Mwikali, umerudia yale ya Kitui. Umeandika kuanzia upande usiofaa.

Nikazisoma kinyume, na zikawa nzuri ajabu. Anaanza juu, kapsuli inafunguka, sukari inashuka, inashuka, inashuka. Ilikuwa picha ile ile Daktari aliyotuchorea ubaoni.

Hapo ndipo nilipopaswa kuchukua kalamu niandike kwa wino: namba hizi nina shaka nazo, kipimo kirudiwe. Maneno machache tu. Badala yake nilitazama mlango, nikaona hakuna mtu, nikafuta nta kwa kidole gumba na kuandika upya. Moja ikawa sita, sita ikawa moja. Hata sikutazama kichupa kipi kimejaa na kipi ni nusu. Macho yangu yalikuwa kwenye namba, na masikio yangu yalikuwa yanasikia Mzee Nzioka akinigombeza.

Sampuli zikaenda Nairobi na namba zangu mpya. Majibu yakarudi: insulini ya Syombua ilikuwa kidogo mwanzoni, ikapanda, ikawa nyingi mwishoni. Daktari alitoka ofisini akikimbia. Mwanamume mrefu vile akikimbia kwenye veranda ya hospitali, hata kuku walishangaa. Mmoja kati ya sita! Akasema kapsuli imepita, imefika, imefanya kazi. Akamwita Syombua, akamshika mikono miwili, akamwambia mbele ya manesi na matroni kwamba sasa atatumia kapsuli peke yake mwezi mzima nyumbani. Kisha jina lake likakatwa kwenye daftari la wanaogawiwa insulini hospitalini, tukapiga makofi.

Syombua alitutazama sote, mmoja mmoja. Akanitazama mimi mwisho. Nilidhani anataka kulia kwa furaha.

Jumapili yake kanisani Kikima pasta alimwita mbele atoe ushuhuda, maana habari zilishafika. Mimi nilikuwa kwenye benchi la tatu. Syombua akasimama, akasema, "Mungu ni mwema," akaketi. Watu wakasema ona unyenyekevu wa huyu mama. Tukaimba mpaka mabati yakalia.

Wiki ya tatu nikasafisha friza. Barafu ilikuwa imejaa mpaka mlangoni, na mabaki ya sampuli yetu yalikuwa humo kwenye trei, kila mgonjwa na trei yake. Nikaitoa ya Syombua kuifuta. Vichupa vitano vilikuwa na kimo kimoja. Kile nilichokiandika sita kilikuwa na tone tu chini, kama machozi.

Nikakaa chini kwenye sakafu yenye maji. Nikalitafuta daftari la siku, nikasoma mwandiko wangu mwenyewe: *Syombua, cha kwanza nusu.*

Kichupa kile kidogo kilikuwa cha kwanza. Sikuwa nimekosea. Namba zangu za mwanzo zilikuwa sawa, na mimi ndiye niliyezipindua. Basi ile damu ilisema nini? Ilisema kwamba Syombua alikuja hospitalini akiwa tayari na insulini mwilini, ikamwisha polepole asubuhi ile. Alijidunga nyumbani alfajiri. Kapsuli haikufanya kitu kwake, wala kwa mtu yeyote. Na sasa yuko Kikima, wiki ya tatu, na sisi tumemkata kwenye daftari.

Aiya! Niliogopa, watoto wangu. Sijawahi kuogopa hivyo hata nilipozaa. Nilichukua chupa mbili za insulini bila kuandika popote, nikaziweka kwenye flaski, nikaenda kwa dereva wa Landrova aliyekuwa anapeleka chanjo upande ule, nikamwambia Kikima kwanza, maswali baadaye.

Duka lilikuwa limefungwa, cherehani imefunikwa. Jirani akasema Syombua ana malaria. Nilipofika kwake nilisimama mlangoni na pua yangu ikaniambia kila kitu. Nyumba ilinuka mapera yaliyoiva kupita kiasi. Mkisikia harufu hiyo kwenye pumzi ya mtu wa sukari, msingoje mashine. Alikuwa kitandani, anapumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, midomo imekauka. Nikatazama ndani ya mtungi. Chupa ya insulini ilikuwa inaelea, tupu, imeoshwa.

"Mwikali," akasema, "kapsuli zimeisha nguvu."

Hata hapo alikuwa anamfunikia Daktari aibu.

"Kapsuli hazikuwa na nguvu hata siku moja. Siku ile ya kipimo ulijidunga saa ngapi?"

Akafumba macho. "Saa kumi na moja asubuhi. Niliogopa. Nimeshawahi kukosa sindano siku mbili, naijua hiyo njia inakoenda."

"Na hizi wiki?"

"Nilikuwa na chupa iliyobaki. Nikawa najidunga nusu. Halafu robo. Halafu..." Akaonyesha mtungi kwa kidevu.

"Kwa nini hukusema? Mimi niko pale!"

Nikamdunga, nikambeba na dereva mpaka garini, na chanjo za watoto zikasubiri siku hiyo. Hospitalini alitundikiwa maji siku mbili. Usiku wa pili akaomba chai, ya sukari, mkaidi yule, nikajua ataishi.

Hadithi ingeishia hapo ningekuwa shujaa. Na kwa kweli niliishia hapo, mbele ya watu. Lakini nyinyi mmeomba hekima, basi chukueni hii.

Daktari aliniita. Alikuwa amekaa na karatasi yake ya namba mbele yake, amekuwa mdogo. Nikamwambia Syombua alijidunga alfajiri. Akaweka kidole kwenye karatasi. "Lakini Bi Mwikali, kama alijidunga alfajiri, insulini ingekuwa nyingi mwanzoni, kisha ipungue. Hapa inapanda. Inawezekanaje?"

Huyo hakuwa mjinga. Aliuliza swali moja tu, na jibu lake lilikuwa kwenye kidole changu gumba. Ningesema, niligeuza namba, Daktari. Ningefukuzwa labda, au ningegombezwa tu, sitajua. Mdomo ukafunguka, nikasikia unasema:

"Labda alijidunga tena hapa. Alienda choo katikati ya kipimo."

Ni kweli alienda choo. Wote walienda choo, watu wa sukari hao. Daktari akatikisa kichwa kwa huzuni, akaandika. Ripoti ikasema kazi iliharibiwa na mgonjwa aliyejidunga kwa siri chooni. Akafunga sanduku lake akaondoka, bila kumchukia mtu, akatuachia friza na kile kibao cha chuma. Mjukuu wangu ananiambia wasomi bado wanahangaika na dawa za namna hiyo, na wengine wanapiga hatua. Nawatakia heri. Waangalie tu nani anaandika namba.

Lakini maneno ya ofisini hayakai ofisini. Yakashuka mpaka Kikima. Kujidunga nyumbani kwa hofu, watu wangemsamehe. Kujificha chooni katikati ya kazi ya hospitali, baada ya ushuhuda kanisani, huo ulikuwa udanganyifu wa kupanga. Syombua wa Choo, ndivyo walivyomwita. Wanawake wa kwaya wakapeleka sare zao kwa fundi mwingine. Yeye akasimama tena mbele ya kanisa, akasema, "Nilijidunga nyumbani, nikaogopa kusema. Nimekosa." Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Na chooni?" Syombua akaketi. Pasta, kuokoa hali, akasema tumshukuru Mungu kwa ajili ya mama wa maabara aliyekimbia kumwokoa. Wakanipigia makofi. Nikasimama, nikainamisha kichwa kidogo, nikaketi.

Niliketi hivyo miaka yote. Nilipanda cheo, nikafundisha vijana, nikawaambia kosa la mkono liandike kwa wino, na wakaandika kwenye madaftari yao, na wengine ndio waliowafundisha nyinyi. Koti langu jeupe lilipochanika nilimpelekea Syombua, sikumpelekea mwingine. Alilishona vizuri kama zamani, na hatukuzungumza.

Mwezi uliopita, baada ya barua yenu ya hekima, nilimwomba mwanangu anipeleke Kikima. Syombua yu hai. Amezeeka kama mimi, macho yamefifia, cherehani inaendeshwa na binti wa dada yake, lakini yu hai, na mtungi bado uko kwenye kona ingawa amenunuliwa friji. Nikamwambia yote. Nta, kidole gumba, kichupa nusu, choo. Sikumwacha nafasi ya kunikatiza, maana ningekatika.

Kisha akasema, "Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Mimi nilijidunga alfajiri, Mwikali. Si ningejua? Niliposhindwa kukwambia asubuhi ile mlangoni pa maabara, nikajiambia, si watapima? Mdomo wangu unaona haya, lakini damu haina haya, itasema yenyewe. Nikakaa kwenye kile kiti nikakunyooshea mkono, nikangoja unishike. Ulipotoa cha kwanza nikafurahi, nikasema sasa atajua." Akapapasa goti lake. "Halafu Daktari akaja anakimbia, mkapiga makofi. Nikakutazama. Nikasema, basi huyu amesikia damu yangu ikisema, akainyamazisha."

Nililia. Bibi mzima nililia mpaka binti wa dada akachungulia. Nikamwomba msamaha kwa Kikamba, maana kwa Kiswahili ulikuwa unatoka kama wa ofisini.

"Nilikusamehe zamani," akasema, "ila nilikuwa nangoja uje uuombe. Umechelewa sana, kwa mtu aliyekimbia na Landrova." Kisha akakunja kanga yake juu ya goti. "Saa yangu ya sindano imefika. Nidunge, mkono wangu unatetemeka siku hizi. Lakini pima kwanza."

Nikamtoboa kidole, nikaweka tone kwenye kile kimashine chenu kidogo. Sukari ilikuwa juu, juu kabisa. Alikuwa amekula keki ya harusi jana yake, akakiri bila kuulizwa. Akanisogezea daftari lake analompelekea daktari kila mwezi, na kalamu.

"Nipunguze kidogo?" nikamtania, huku bado nalia.

"Andika kama ilivyo," akasema Syombua.

Nikaandika.